Sufuria ya Kwanza ni ya Kumwaga

Keki mliyoniaga nayo siku ya kustaafu kwangu ilikuwa tamu, na saa ya ukutani nimeitundika sebuleni ingawa sina tena mahali pa kuwahi. Ahsanteni. Lakini Wanjiru, wewe uliyeniuliza mbele ya watu wote, soda mkononi, "Mama Shem, hebu tuambie, kiwanda cha kutupikia mafuta kinachaguliwaje?" uliniudhi. Si kosa lako. Uliuliza kama mtu anayetaka kujua chapati zinakandwaje, na wote mkageuka mkitarajia sentensi mbili za busara, kisha makofi. Nikasema, "Angalieni usafi," mkapiga makofi. Nilifika nyumbani nikiwa na hasira hata chakula kikanishinda. Jibu lenyewe ni hili, ni refu, na sina nia ya kulipamba.

Najua kwa nini uliuliza. Mzee Okumu, mpishi wetu wa miaka yote, anafunga karakana yake, miguu imemkataa, na nyinyi mnatafuta atakayewapikia mafuta yetu ya kupaka, Tulizo, baada yake. Mtapita Industrial Area na viatu mlivyovipiga rangi, mtapewa chai na biskuti, mtaonyeshwa vigae vyeupe. Mimi nilipewa chai hiyo. Biskuti zilikuwa nzuri pia.

Nilianza kazi hii mwanzoni mwa miaka ya sabini, jikoni kwa Mama Mwikali, mtaani Jericho hapa Nairobi, mlango wa pili kutoka kwangu. Nyinyi mnamjua kama mwenye kampuni, mwenye kiti kikubwa. Mimi nilimjua kwa sababu tulikuwa tukigombania kamba moja ya kuanika nguo. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa kanjo, baraza la jiji, wake alikuwa karani wa reli, na mishahara yote miwili ilikuwa na tabia ya kuisha mapema. Kaka yake alikuwa akimletea nta ya nyuki kutoka Kitui ndani ya debe, nta nyeusi yenye miguu ya nyuki na vipande vya majani. Yeye aliiyeyusha, akaichuja kwa kitambaa, akaichanganya na mafuta ya nazi na mafuta ya mgando, akampaka binti yake Mwikali na wadogo zake msimu wa baridi ya Julai, ile baridi inayopasua midomo. Majirani wakaomba. Wenzake wa kanisani wakaomba. Mwishowe akaanza kuuza kwenye kibanda chake sokoni Kariokor, katikati ya wauza vyondo vya mkonge na watengenezaji wa akala, viatu vya matairi, na akayapa mafuta yake jina la Tulizo.

Siku yangu ya kwanza alinipiga mkono kwa mwiko. Nilikuwa nimechukua kijiko kilichotoka kuoshwa nikataka kukoroga nacho.

"Wewe! Hicho kijiko kina maji! Unataka kuniozeshea mafuta?"

Hivyo ndivyo nilivyofunzwa kwamba tone moja la maji huotesha ukungu ndani ya mkebe uliofungwa, na kwamba ukungu huo huonwa kwanza na mteja, si na wewe. Nilifunzwa pia kuweka sufuria ndani ya sufuria, ili mafuta yasikutane na moto moja kwa moja. Nilifunzwa kudondosha tone kwenye mgongo wa kijiko baridi na kuangalia linavyoganda kabla ya kumimina. Na nilifunzwa kujipaka. Kila sufuria tuliyopika niliijaribu kwenye kunjo la kiwiko changu, nikalala nayo, na asubuhi ndipo vifuniko vilipofungwa. Kuna watu waliosomea mambo haya wakapewa vyeti vyenye muhuri. Mimi nilikuwa na kiwiko, na Mama Mwikali akikiangalia kila asubuhi kwenye mwanga wa dirisha kama daktari aliyekosa mgonjwa mwingine.

Tulikwenda hivyo kwa miaka. Mama alikuwa na maneno aliyomwambia kila mzazi aliyenunua: mpake mtoto asubuhi na jioni, usimbanie. Wakawapaka asubuhi na jioni. Mikebe yetu ikafika Makadara, Bahati, Mbotela, hadi kwa wanawake wa reli kule Makongeni. Kisha bwana afya akaja.

Sitamtukana bwana afya. Alikuta sufuria ya mafuta ya watoto iko kando ya kikaango cha omena, akasema haiwezekani, na kweli haiwezekani. Alitupa muda wa kuhama. Kujenga kiwanda chetu hatukuweza, kwa hiyo ilibidi tutafute kiwanda cha kutupikia: sisi tulete nta na maelezo, wao wapike na kujaza mikebe, sisi tuuze. Mama Mwikali akavaa suti yake ya Jumapili, mimi nikavaa sweta langu, tukaanza kutembea.

Cha kwanza kilikuwa kiwanda cha polishi ya viatu. Mwenyewe alisema Jumamosi mashine zake hukaa bure, na kwake polishi na mafuta ya mwili ni ndugu. Mama alinusa pipa akauliza kama watoto watang'ara vizuri wakipigwa brashi. Hatukumaliza chai.

Cha pili kilikuwa cha Bwana Joram. Hapo kaeni vizuri, maana ndipo hasira yangu inapoishi.

Joram alikuwa meneja, mtu wa koti jeupe juu ya tai, sauti ya upole, pete nene kidoleni. Kiwanda chake kilikuwa cha vigae vyeupe hadi juu. Alitengeneza krimu za uso za akina dada wa ofisini, katika vichupa vya rangi ya waridi vilivyopangwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Mama Mwikali alisimama mbele ya kabati lile, na nikajua tayari ameshaamua. Joram alituzungusha. Alipofika kwenye pipa kubwa la chuma la kuchanganyia aliligonga kwa pete yake, likalia.

"Hapa kwetu hatumwagi hata tone," akasema. "Kila kitu kinatumika. Ndiyo maana tunaweza kuwafanyia bei nzuri."

Mama akatikisa kichwa kwa heshima. Ni mwanamke aliyekuwa akipangusa sufuria kwa kipande cha mkate. Neno lile lilimwingia moyoni.

Mimi nina tabia moja. Nikishaonyeshwa kiwanda na mwenye koti, huenda kukaa nje ya geti saa ya chakula. Wanjiru, hili lishike kuliko yote: mwenye koti anajua anachotaka uone, lakini anayekoroga anajua kilichomo. Basi nilimwacha Mama akimalizia biskuti, nikaenda kununua githeri kwa mama muuzaji aliyekuwa pale nje, nikakaa ukingoni mwa mtaro pamoja na vibarua wa kike wa kiwanda hicho. Aliyekuwa karibu nami alikuwa msichana wa Kitui, nilimjua kwa lafudhi. Aliponyoosha mkono kupokea sahani, niliona mkono wa rangi mbili. Juu ya kifundo ulikuwa mweusi kama wangu. Kuanzia kifundo hadi vidoleni ulikuwa mweupe wenye wekundu, na ngozi inamenyeka kando ya kucha. Nikawatazama wenzake. Wote walikuwa hivyo.

"Mikono imefanya nini, dada?"

"Ni kazi tu."

"Kazi gani?"

Akaifunika kwa leso. "Mama, mimi ni kibarua. Hiyo geti nataka kuingia na kesho."

Sikumsukuma zaidi. Nilimwambia Mama Mwikali tukiwa njiani kuvuka reli kurudi nyumbani, na yeye akanijibu kwamba hata yeye akifua na magadi mikono hubabuka. Nikasema magadi hayamvishi mtu glavu nyeupe hadi kifundoni. Akasema nimeanza mambo yangu.

Cha tatu kilikuwa karakana ya Mzee Okumu, Shauri Moyo, nyuma ya mafundi wanaogonga mabati, ambako huwezi kusikia mtu wako akikuita. Okumu alikuwa amestaafu kuchanganya dawa katika hospitali moja na hakustaafu ukali. Mara ya kwanza alitufukuza kwa sababu tulifika akiwa anaosha pipa, na akiosha hazungumzi. Mara ya pili alitukubalia kusimama mlangoni. Alikuwa akiwapikia wakulima wa Limuru mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua. Hayo ndiyo yaliyomlisha. Alituambia masharti yake kwa kupiga kelele juu ya nyundo za jirani.

"Nikitoka kupika ya ng'ombe, naosha na maji ya moto. Halafu napika sufuria moja ya mafuta yenu, ndogo. Hiyo ya kwanza ni ya kumwaga. Inachukua kila kitu kilichobaki kwa pipa na kwa paipu. Halafu ndio napika ya kuuza. Na hiyo ya kumwaga, mnalipa nyinyi."

"Nilipe mafuta ya kumwaga?" Mama aliuliza.

"Eeh."

"Na nikienda zangu uyauze?"

"Njoo umwage na mkono wako, Mama. Choo kiko hapo nyuma."

Hatukuwa tumemaliza kuvuka barabara Mama alipolipuka. Hakuwa mtu wa kusema barabarani, lakini siku hiyo alisimama katikati ya Jogoo Road na suti yake ya Jumapili.

"Unataka Tulizo ikapikwe na chuchu za ng'ombe, Mama Shem? Nitawaambia nini akina mama wa kanisa? Yule mwingine anapika ya uso. Uso na uso, ng'ombe na ng'ombe! Na huyu mzee anataka nilipie uchafu wake!"

Hoja yake ilisikika vizuri. Ndiyo inayoniudhi mpaka leo, jinsi ilivyosikika vizuri. Mtu yeyote mwenye akili angesema mafuta ya mtoto yapikwe penye krimu za uso, si penye dawa ya mifugo. Nilimwambia kwamba chuchu ya ng'ombe inayonyonywa na ndama haipakwi sumu, na kwamba sijui uso wa dada wa ofisini unapakwa nini. Nilimkumbusha ile mikono. Akasema biashara ni yake. Ilikuwa yake. Akatia sahihi kwa Joram wiki hiyohiyo.

Mzigo wa kwanza wa Joram ulipofika ulikuwa mzuri kuliko wetu, lazima niseme. Mafuta yetu yalikuwa ya manjano kwa sababu ya nta. Haya yalikuwa meupe, laini, hayana hata chembe. Nikayapaka kwenye kiwiko, nikalala nayo, asubuhi kiwiko kikawa kizima. Mama akanicheka mbele ya muuza akala wa kibanda cha jirani. Basi tukauza.

Tukauza mno. Baada ya wiki kadhaa wakaanza kuja wasichana ambao sikuwahi kuwaona pale Kariokor, si wazazi, wasichana wenyewe, wakipita mikebe ya zamani iliyokuwa imebaki na kutaka hii mpya.

"Niaje mathe, ile Tulizo ya kung'arisha iko?"

"Hakuna Tulizo ya kung'arisha."

"Wacha hizo! Hii nyeupe. Cheki vile Rozi amekuwa."

Na huyo Rozi angesogeza uso wake, na kweli uso ulikuwa umeanza kutofautiana na shingo. Nilimwambia Mama: nta haing'arishi mtu. Nazi haing'arishi mtu. Kama mafuta yetu yanang'arisha, basi si yetu. Alikuwa akifunga furushi la mikebe ya kwenda Machakos. Akasema labda ni usafi wa mashine, sasa uchafu umetoka na watu wanaona rangi yao halisi. Mwanamke mweusi wa Kitui, kwa kinywa chake, alisema hivyo! Nilitoka nje nikaenda kusimama kwa muuza vyondo nikahesabu pumzi zangu.

Kisha Bilha akaja na Toni.

Bilha alikuwa mke wa umri mdogo, ameolewa kwenye jengo lililotazamana na letu, orofa ya juu, akiishi na mama mkwe wake. Toni alikuwa mtoto wake wa kwanza na hakuwa ameanza kukaa. Mimi ndiye niliyemuuzia mkebe na kumwambia maneno yetu, asubuhi na jioni, usimbanie. Aliingia kibandani bila salamu, akafunua shali.

"Anti, angalia."

Mashavu ya mtoto yalikuwa yamemenyeka. Kulikuwa na mabaka meupe yenye kingo nyekundu kwenye viwiko, kwenye makunjo ya mapaja, chini ya kidevu, kila mahali ambapo mama mwenye upendo hupaka zaidi. Nilimgusa shavu kwa mgongo wa kidole. Alilia, si kilio cha kuogopa mgeni. Sikuona huzuni. Nilitaka kumpiga mtu.

"Nimempaka vile mlisema," Bilha akasema. "Kila siku nimempaka."

"Najua, mama. Acha kumpaka. Osha na maji ya vuguvugu tu."

Mama Mwikali alikuwa amesimama nyuma yangu na mkebe mkononi. Kesho yake tulikuwa Industrial Area kabla geti halijafunguliwa.

Joram hakukana. Hilo nataka mlijue kwa sababu mtadhani watu wa namna ile hukana. Alitukaribisha, akaagiza chai, akatueleza kwa upole kwamba pipa la mafuta yetu ni lilelile la krimu za waridi, zile za kuchubua, na kwamba kikipikwa kitu, kinachobaki pipani hukwanguliwa na kuchanganywa na kinachofuata. Si alituambia tangu mwanzo? Hapa hawamwagi hata tone. Ni kidogo tu. Mtu mzima haimdhuru.

"Mtoto je?" nikauliza.

"Mtoto hafai kupakwa sana," akanijibu, kisha akamgeukia Mama, kwa maana mimi sikuwa mwenye biashara. "Lakini Mama, tuseme ukweli. Mauzo si umeyaona? Wateja wenyewe wamekuambia wanachotaka. Mimi naona tusiiweke kwa bahati. Tuiweke kabisa. Tuwe na Tulizo ya kawaida na Tulizo Maalum."

Nilimtazama Mama Mwikali nikingoja amrukie. Alikuwa akitazama kabati la kioo kule mapokezi, kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Hiyo Maalum," akasema polepole, "mkebe wake ungekuwa wa rangi gani?"

Nilimpenda mama yule, na nilizeeka kazini pamoja naye. Lakini kwa swali lile nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilisimama, nikaiacha chai, nikatoka hadi getini. Alinifuata baadaye akiniita mtovu wa adabu, kwamba nimemwaibisha mbele ya mwenyeji wetu. Nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mlinzi aliigeukia, "Basi anza na Mwikali! Mpake mtoto wako asubuhi na jioni, usimbanie!"

Saa ya chakula ilikuwa imefika. Vibarua walikuwa wakitoka, na yule msichana wa Kitui alipita mbele yetu akielekea kwa muuza githeri. Sikumwita mimi. Ni Mama aliyemwona, au labda aliona mikono, maana hakuwa na leso siku hiyo. Alimsalimia kwa Kikamba. Msichana akasimama kwa heshima, mtu wa kwao, mkubwa. Wakazungumza. Mimi Kikamba sikijui zaidi ya salamu, kwa hiyo niliona tu: Mama akiuliza, msichana akijibu kwa kifupi akitazama geti, Mama akiishika ile mikono miwili na kuigeuza juu chini, kama alivyozoea kukigeuza kiwiko changu dirishani. Kisha msichana akasema jambo refu kidogo, na Mama akaiachia mikono yake.

"Anasema nini?"

"Ana mtoto mchanga Mukuru." Mama alikuwa ameligeukia geti. "Anasema akifika nyumbani hujifunga vitambaa mikononi ndipo amshike. Asipofunga, mtoto hutoka mabaka."

Akarudi ndani peke yake. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia, na mlinzi alisikia, na vibarua wote walisikia.

"Hutanipikia tena! Hata maji ya chai hutanipikia!"

Na sauti ya Joram, bado ya upole: "Utarudi, Mama. Wateja wako ndio watakurudisha."

Tulikwenda kushtaki. Tulipelekwa ofisi moja, tukatumwa nyingine, hadi tukafika kwa bwana mmoja mkubwa aliyetusikiliza akiwa amefumba macho nusu. Alisema krimu zile zinauzwa madukani wazi, kwa hiyo kosa liko wapi. Juu ya meza yake, kando ya simu, kulikuwa na kichupa cha waridi. Mama alikiona, nami nikakiona. Tukamshukuru kwa wakati wake, kwa sababu ndivyo watu wa Eastlands walivyofunzwa kuondoka ofisini, na hadi leo ahsante ile inanikereketa kooni.

Okumu alitupokea bila kutukumbusha lolote, jambo ambalo kwake lilikuwa karamu. Aliosha, akapika sufuria ndogo, akamkabidhi Mama. Mama aliibeba mwenyewe hadi nyuma, akaimwaga yote na kusimama pale hadi ikashuka. Tangu siku hiyo hadi alipoacha kuja karakana, sufuria ya kwanza aliimwaga yeye. Sasa mnaelewa kwa nini iko kwenye bei, na kwa nini nitakuja na fimbo yangu nikisikia kuna kijana wa mahesabu ameifuta.

Joram? Hakupatwa na kitu. Baada ya miezi michache alitoa mafuta yake mwenyewe, meupe, yenye picha ya nyuki kwenye kifuniko, na dawa ya kuchubua ndani kwa makusudi. Yaliuzika kuliko yetu. Yanauzwa hadi leo, na baadhi yenu mmejipaka. Nawaona.

Lakini kinachonitoa usingizini si Joram. Ni ile wiki tuliyozunguka kukusanya mikebe.

Mama aliamua kila mkebe mweupe urudi, na kila atakayeurudisha apewe wa manjano. Tuligawana majengo. Kuitambua haikuwa shida, unafungua kifuniko tu. Nilidhani wazazi watatukimbilia. Wengine walitukimbilia kweli, wakatupa mikebe mikononi mwetu na maneno makali juu yake, na maneno hayo tuliyastahili. Wengine walisema imeisha, nao mkebe naona umefichwa nyuma ya redio. Mmoja, mwanakwaya mwenzake Mama, alisema nimtafutie mwingine badala ya kumnyang'anya huu.

Kwa Bilha nilikwenda mwisho, orofa ya juu. Mama mkwe wake alinifungulia. Toni alikuwa amelala kitandani amepakwa mafuta ya manjano niliyokuwa nimempelekea, mashavu yakianza kufunga, mabaka yakiwa bado yapo. Bilha alinipa mkebe wa mtoto mara moja, akanishukuru, akanikaribisha chai. Ndipo akageukia dirisha, mwanga ukampiga usoni, nikaona uso umeanza kuwa mweupe kuliko shingo.

"Bilha. Na huo mwingine uko wapi?"

Mkono wake ukaenda chini ya mto, ukabaki huko.

"Huu si wa mtoto, Anti. Huu ni wangu."

"Umeona ulivyomfanya mtoto wako."

"Mimi si mtoto." Alikuwa akinong'ona ili mkwe wake asisikie. "Baba Toni ameniambia nimependeza. Tangu anioe hajawahi kuniambia. Niachie huu mmoja tu, Anti. Ukiisha sitanunua."

Niliuchukua. Msidhani nilimshawishi, au nilimweleza kuhusu ngozi kwa lugha nzuri. Nilimshika mkono, nikavikunjua vidole, nikampokonya mbele ya mama mkwe wake. Mtoto akaamka akilia. Nikashuka ngazi na mkebe, naye akanifuata hadi kwenye kizingiti akinitukana kutoka juu, milango ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine watu wachungulie. Aliniita mchawi. Aliniita mwizi wa vitu vya watu. Alisema ni wivu, kwa kuwa mimi ni mweusi tititi, nimezeeka hivyo na nitazikwa hivyo. Niliendelea kushuka. Saa hiyo Joram alikuwa ofisini kwake na koti lake jeupe, chai mbele yake, na katika Nairobi nzima hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akimtukana.